Chagua Mwenyewe Pa Kukwama

Leo, msikilizaji, nina neno na msafiri wa siku ya maandamano. Wanaoandamana wana sababu zao, na wanaotumwa kuwazuia wana amri zao. Hao nawaachia vipindi vingine. Ninayemtaka ni yule aliyebeba gunia la ndengu la kumpelekea dadake Umoja, yule mwenye miadi ya kliniki Hospitali ya Kenyatta saa tatu asubuhi, mwanafunzi anayerudi chuoni, mama anayeenda Gikomba kununua robota la mitumba. Siku ya maandamano yeye ndiye asiye na upande, na mara nyingi ndiye asiye na habari.

Tuna mazoea huku kwetu. Redio ikitangaza kwamba kesho kuna maandamano, mtu wa Kitui anauliza: kwani mimi naenda Bungeni? Anajiambia kwamba vurugu ni za Moi Avenue na Barabara ya Kenyatta, na kwamba akishukia Machakos Country Bus akapenya hadi Muthurwa, hatakutana na mtu. Basi anapanda gari la saa kumi na moja alfajiri, anaegemeza kichwa dirishani, anasinzia. Anaamshwa na harufu ya tairi linaloungua, na akichungulia nje anakuta hata Athi River hajafika.

Hebu tukumbushane. Julai 12, 2023, muungano wa Azimio ulipoitisha maandamano ya kupinga gharama ya maisha na sheria ya fedha ya mwaka ule, moto mkali haukuwaka katikati ya jiji peke yake. Uliwaka Mlolongo, ambako waandamanaji walivunja vituo vya kulipia vya ile barabara ya juu iliyojengwa na Wachina, na polisi wakafyatua risasi. Watu waliuawa Mlolongo, wakauawa Kitengela, na akauawa mtu hapa hapa kwetu Emali, Kaunti ya Makueni. Juni 25, 2025, mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge wakipinga Mswada wa Fedha wa 2024, watu walipigwa risasi wakafa Matuu. Matuu, msikilizaji, ni mji wa maembe na unyunyiziaji maji, uko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, na hakuna mtu wa Mwingi anayekwenda Nairobi kwa njia ya Thika asiyepita pale.

Kwa nini Emali, kwa nini Matuu, kwa nini Mlolongo? Jibu liko barabarani kwenyewe. Barabara ya Mombasa imebeba mzigo wa bandari unaokwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Kijana wa Wote mjini akichoma tairi mbele ya soko, habari yake itaishia Wote. Kijana wa Emali akichoma tairi lile lile, malori yanasimama foleni upande wa Sultan Hamud na upande wa Kiboko, simu zinapigwa Mombasa, zinapigwa Kampala, na afisa mkuu Nairobi anataka kujua kumetokea nini. Isitoshe, Emali ni njia panda. Hapo ndipo unapokata kwenda Loitokitok. Ina soko, ina malori yaliyolala, ina bodaboda wengi wanaongoja abiria wasiokuja, na vijana waliomaliza shule wasipate kazi. Vitu hivyo vyote vikikutana siku ambayo nchi imekasirika, msafiri aliyepita kununua maji ya chupa anaweza kujikuta katikati.

Halafu kuna aina ya pili ya kufungiwa, na hii ndiyo iliyowashangaza wengi zaidi. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, polisi wenyewe ndio waliofunga. Kabla ya mapambazuko walikuwa wameweka vizuizi kwenye barabara kuu zote zinazoingia Nairobi. Mabasi yaliyosafiri usiku kucha yakasimamishwa mbali na mjini, abiria wakashushwa na mizigo yao, wengine wakatembea kwa miguu kilomita nyingi wakiwa na watoto mgongoni. Katikati ya jiji palikuwa kimya kama siku ya Krismasi, ilhali mitaani na miji ya pembeni kukawa na vifo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza baadaye kwamba waliokufa walizidi 30. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya safari, usiulize tu kama vijana watatoka. Uliza pia kama serikali imeamua kwamba hakuna kuingia.

Sasa nifike kwenye neno langu la leo. Ushauri unaotolewa kila mara ni huu: ahirisha safari. Ni ushauri mzuri, na mwenye kuweza kuahirisha aahirishe, asingoje kubembelezwa. Lakini wengi hawawezi, na wengine wanapata habari wakiwa wameshafika Makindu. Kwa hao nasema: kama kukwama kupo, usikubali kukwamishwa. Chagua mwenyewe pa kukwama.

Maana miji ya njia hii hailingani. Ukiwa unatoka Mombasa na ukasikia kwamba Mlolongo kumechafuka, una nafasi ya kufikiri ukiwa Mtito Andei, una nafasi ukiwa Kibwezi, una nafasi ukiwa Makindu. Ukishapita Salama ukaanza kuona taa za malori yaliyopanga foleni, nafasi hiyo imekwisha. Gari haliwezi kugeuka, mbele kuna moshi na nyuma kuna trela. Anayebaki Makindu saa nne asubuhi anaweza kudharauliwa na wenzake kwamba ni mwoga. Saa kumi jioni wale wenzake wako Mlolongo bado, hawana choo, hawana maji, na simu zimezima.

Nimetaja Makindu makusudi. Pale kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, wakati reli ilikuwa na mafundi na wafanyakazi wengi wenye asili ya Punjab. Msafiri yeyote anakaribishwa chakula bila malipo: unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa, unakula chapati na dengu na chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila. Kuna vyumba vya kulala pia, na mwenye kujaliwa huacha sadaka. Watu wa Makueni tumelizoea hekalu hilo kiasi kwamba hatulioni tena. Tunalipita kila wiki tukiwahi Nairobi. Mimi ningekuwa na mtoto mdogo na basi limezuiwa mbele, hapo ndipo ningeshukia. Wala sitafuti raha. Ni kwamba mahali ambapo wageni wamelishwa kwa miaka mingi, watu wake wanajua la kufanya na mgeni.

Kibwezi nako si haba. Kuna hospitali, kuna kituo cha reli, na kuna njia ya kutokea, jambo ambalo miji mingi ya Barabara ya Mombasa haina. Lami ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo hadi Kitui imekuwa baraka. Zamani mtu wa Mutomo alijua vumbi tu. Leo gari linaweza kuiacha Barabara ya Mombasa pale Kibwezi, likapanda hadi Kitui mjini, likaendelea Kabati na Migwani mpaka barabara ya Mwingi, likatokea Thika. Mara nyingi madereva huifikiria njia hii Emali inapofungwa. Nami naikubali, ila kwa masharti. Ni ndefu. Petroli ijazwe Kibwezi, maana kati ya mji na mji kuna nyika ya kutosha, na usiku kuna ng'ombe na punda wanaolala juu ya lami kwa sababu ina joto. Na usisahau kwamba mwisho wa njia hiyo ni Matuu ile ile niliyoitaja, halafu Thika, halafu Barabara ya Thika yenye Githurai yake. Kuzunguka kote huko ili ukutane na moshi ule ule mlango wa pili ni kazi bure. Kabla ya kukata kona Kibwezi, piga simu kwa mtu aliye Matuu. Usipompata, Kitui mjini kuna nyumba za wageni.

Watu wa Wote na wa Machakos wana njia yao ya tatu, Barabara ya Kangundo kupitia Tala, Kamulu na Ruai. Inasaidia kukwepa Mlolongo. Lakini inakuingiza Njiru na kukusogeza Kayole, na mitaa hiyo huwa na habari zake siku kama hizo. Ukiwa na jamaa Kamulu au Joska, lala kwake. Kufika Kamulu si kushindwa safari.

Treni je? Tangu Mei 31, 2017, treni ya Madaraka imetupa njia isiyopita katikati ya soko la mtu. Ile inayosimama vituo vya kati inachukua abiria Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na kwa mtu wa Makueni mwenye safari ya lazima siku iliyotangazwa maandamano, mimi ningemwambia akate tiketi mapema, kwa sababu ikijaa imejaa, na abebe kitambulisho, kwa sababu bila hicho haingii. Ila ajue mambo mawili. Kituo cha Emali kiko karibu na Emali yenyewe, kwa hiyo afike mapema kabla mji haujaamka. Na treni inamfikisha Syokimau, haimfikishi Hospitali ya Kenyatta. Kutoka Syokimau kwenda mjini, asipopata treni ndogo ya kuunganisha, anarudi kuwa mtu wa barabara kama wengine wote. Nabii Syokimau wa Wakamba anasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu wa chuma akitoka baharini kabla reli ya kwanza haijajengwa. Hakutuambia nyoka akifika tutapataje matatu ya kuingia mjini.

Tuingie sasa ndani ya gari. Umeshapanda, umeshalipa. Hapa niseme jambo ambalo limewaponza wengi: nauli uliyokwisha kulipa. Mtu ametoa pesa zake, na siku hizo nauli huwa imepanda, sasa anaona kushuka Makutano ni kumwachia kondakta zawadi. Atakaa ndani ya gari hadi litiwe mawe, kwa ajili ya shilingi mia tano. Ukiona dereva mzoefu wa njia hiyo anapunguza mwendo, anashusha kioo, anawauliza wenzake wanaotoka upande wa pili kwa ishara ya mkono, na wenzake wanazungusha kidole hewani kumwambia geuka, huo ndio ukweli wa barabara. Dereva anayetoka upande wa pili ndiye mwandishi wa habari bora kuliko wote. Ameona kwa macho dakika kumi zilizopita.

Kuna suala la tawi. Mmeliona: siku ya maandamano magari yanafunga tawi lenye majani mabichi kwenye waipa au kwenye kioo cha pembeni. Maana yake inajulikana, kwamba sisi hatuna ubaya, tupisheni. Kwa vijana walioziba barabara tawi hilo mara nyingi linafungua njia. Lakini kilomita mbili mbele kuna polisi, na polisi naye anajua kusoma tawi. Kwake linasema gari hili limetoka kwa wale. Nimeona kondakta mmoja mwerevu akilishughulikia jambo hili bila neno: mkono nje ya dirisha, tawi likadondoka kwenye mtaro kabla ya kona, na alipofika kwenye kizuizi alikuwa anasugua kioo kwa kitambaa kama mtu anayependa usafi.

Vijana wakisimamisha gari na kutaka kitu, mwache kondakta azungumze. Yeye ana lugha yao na ana noti ndogo ndogo. Abiria anayeanza kutoa hotuba kuhusu Katiba dirishani, hata kama kila neno analosema ni kweli, anawatia wenzake hatarini. Vivyo hivyo abiria anayetoa simu kupiga picha. Sijui ni wangapi wataamini kwamba unampigia mkeo picha ya moshi. Kwa aliyeshika jiwe wewe ni jasusi wa polisi, na kwa aliyeshika bunduki wewe ni mchochezi. Simu ikae mfukoni.

Gesi ya kutoa machozi ikipigwa karibu, funga madirisha gari likiwa linakwenda, lakini kopo likiangukia ndani, tokeni wote upesi. Gari lililofungwa na gesi ndani yake ni hatari kuliko barabara. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kwa hiyo kule kulala chini tunakofundishwa kwa ajili ya risasi hakufai kwa gesi, na mtoto mdogo anayetembea kwa miguu anavuta nyingi kuliko wewe unayemshika mkono. Mbebe. Elekea upande upepo unakotoka, si unakokwenda, na pahali palipoinuka kama papo. Usisugue macho. Osha kwa maji mengi safi, na ndiyo sababu nasema chupa ya lita moja na nusu ni ya lazima kuliko soda. Mwenye pumu asiweke dawa yake ya kuvuta kwenye begi lililofungwa juu ya kerio. Iwe mfukoni mwa shati. Habari za dawa ya meno chini ya macho waachieni vijana.

Ukifanikiwa kufika Nairobi na mambo yakaharibika ukiwa mjini, kwanza jua ulipo. Country Bus na Muthurwa ni pahali pa kupita, si pa kujificha. Watu wanakimbia kuingia na kutoka, na mizigo inapotea. Tulizoea kuwaambia wageni wakimbilie kituo cha polisi. Siku hizo sishauri. Juni 25, 2025 vituo kadhaa vya polisi vilishambuliwa, na siku iliyofuata Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alizungumza hadharani kuhusu kuwapiga risasi wanaovamia vituo. Julai 9 Rais Ruto naye akasema anayechoma mali ya mtu apigwe risasi mguuni. Sasa wewe na begi lako, unakimbia kwa kasi kuelekea lango la kituo, ukifuatwa na watu ishirini wanaokimbia kama wewe. Nani pale langoni atakaa kukupambanua? Juni 17, 2025, muuza barakoa alipigwa risasi kichwani katikati ya Nairobi, akafariki siku kadhaa baadaye. Alikuwa akiuza barakoa.

Kimbilia kanisa, msikiti, hospitali, au nyumba ya wageni yenye ua wa ndani. Supamaketi na duka la simu yaepuke, maana ndiyo yanayovunjwa, na kituo cha mafuta nacho sihitaji kueleza. Ukishaingia mahali salama, kaa. Watu wengi huumia kwenye safari ya pili, ile ya kutoka mapema kwa sababu wameona barabara imetulia kwa nusu saa.

Nikizungumzia mitaa ya Nairobi, siwezi kupita Mtaa wa Muindi Mbingu bila kusimama. Ni ule wa Soko la City na Bustani ya Jeevanjee, na moshi wa gesi umeupitia mara nyingi miaka hii. Vijana wanaokimbia pale wachache wanajua kwamba mwenye jina alikuwa mwandamanaji wa kutoka kwetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, Muindi Mbingu na Chama cha Ukamba waliwaongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Walikaa pamoja, walijua wanalala wapi. Muindi mwenyewe alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini ule mpango wa kuuza ng'ombe kwa lazima ukaachwa kabla mwaka haujaisha. Sielezi haya ili nikushawishi uandamane. Nayaeleza kwa sababu wazee wale, wakitembea kwa miguu kwenda kwenye ugomvi na dola, walipanga malazi yao vizuri kuliko sisi tunavyopanga safari ya kwenda kununua viatu.

Habari unazipata wapi? Hapa nitajipigia debe kidogo, nivumilie. Juni 25, 2024 intaneti ilizorota nchini mchana ule ule Bunge lilipovamiwa. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano moja kwa moja, vituo kadhaa vya televisheni vikazimwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Na jirani zetu Tanzania, siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu wa huku waliokuwa na jamaa kule walikaa bila kusikia sauti zao. Kwa hiyo msafiri asiyejua namba ya mtu hata mmoja kwa kichwa, aiandike kwenye karatasi. Awe na pesa taslimu za nauli na za kulala usiku mmoja, kwa sababu mtandao ukilala M-Pesa nayo inaweza kulala. Na kale karedio kadogo ka betri ambako babu hutembea nako, ambako wajukuu hukacheka, kanashika Musyi na Mbaitu FM bila bando. Jumbe za WhatsApp zisome, lakini usizigeuzie gari. Picha ya basi linaloungua ambayo kila mtu anaituma huenda ni ya mwaka juzi na si ya Kenya. Mtu akikutumia, muulize: wewe uko wapi sasa hivi, unaona nini? Akijibu kwamba naye ametumiwa, umeshajua.

Na Katiba? Haibadiliki siku ya maandamano. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Ibara ya 39 inampa kila mtu uhuru wa kutembea. Hizo mbili zinapaswa kupishana barabarani bila kugongana. Ukikamatwa kwa kuchanganywa na wengine, Ibara ya 49 inasema uelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kikamba, ni Kikamba. Una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama. Lakini hayo ni ya kituoni na mahakamani. Barabarani mbele ya afisa aliyechoka na aliyevaa kofia ya chuma, jibu fupi, mikono ionekane, kitambulisho kiwe karibu, na kama unakwenda hospitali toa kadi ya kliniki. Ukiwa umejeruhiwa au unaye majeruhi, Msalaba Mwekundu ni 1199, na namba za dharura za kawaida ni 999 na 112.

Nimebakiza wale wasioweza kuchagua. Mgonjwa wa figo hawezi kuambiwa akwame Makindu, mashine haimsubiri. Kwake yeye hesabu ianze wiki moja kabla. Tarehe zenyewe nyingine zinajulikana: Juni 25, Julai 7, na mbele yetu uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Aiulize hospitali yake ya Nairobi kama inaweza kumsogeza siku, na aiulize hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, kama inaweza kumpokea kwa mara moja hiyo. Kama yote hayawezekani, aende siku moja kabla, alale karibu na hospitali, na familia ichange gharama ya chumba kama inavyochanga ya mazishi. Afadhali tuchange mapema.

Na ninyi wenye pikapu za matunda na matatu zenu wenyewe, kuna karatasi moja ya kutazama leo hii kabla hamjasahau. Bima nyingi za magari, hata ile kubwa, hazilipi gari likichomwa au kuvunjwa kwenye ghasia mpaka uwe umelipia nyongeza ya vurugu za kisiasa na ugaidi. Mpigie wakala wako, mwambie akuonyeshe nyongeza hiyo imeandikwa wapi. Asipoionyesha, haipo, na ukiitaka ulipie mapema, si asubuhi ya Saba Saba.